Kuchoma Vyungu kwa Moto wa Nje Bila Kupasuka: Mwongozo Kamili kwa Anayetumia Udongo wa Asili

Watu wengi wanaofinyanga nyumbani hapa Uganda hufika salama hadi mwisho wa kazi ya mikono, kisha hupoteza kila kitu motoni. Chungu kilichopendeza kibarazani hulipuka dakika chache baada ya moto kuwashwa, au hutoka na ufa kutoka mdomoni hadi kitakoni, au hukaa rafuni wiki moja kisha kuanza kubanduka vijipande bila kuguswa na mtu. Lawama hutupiwa moto. Mara nyingi moto umefichua tu kasoro iliyokuwemo tangu awali: maji yaliyobaki ndani ya udongo, udongo mtupu usiochanganywa na kitu, chembe za chokaa, au haraka ya mchomaji. Mwongozo huu unaifuata kazi tangu shimoni hadi chungu kinapotiwa maji, na unakaa zaidi pale ambapo vyombo vingi hufia, yaani kwenye kukausha na kupasha moto kabla ya kuchoma kwenyewe.

Huhitaji tanuri. Moto wa wazi uliopangwa vizuri hufikia kati ya nyuzi 700 na 900 za Selsiasi, na udongo wa kawaida ukishavuka nyuzi 600 hivi huwa umebadilika kiasi cha kutorudi tena kuwa tope.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vifuatavyo vinatosha kuchoma vyungu vidogo sita hadi vinane, vya ukubwa wa bakuli la uji hadi chungu cha mboga:

- Udongo wa mfinyanzi, ndoo mbili za lita 20.
- Vigae vya vyungu vya zamani au vipande vya matofali ya kuchoma, nusu ndoo, pamoja na nyundo na gunia la kuvipondea.
- Chekeche la waya. Kipande cha waya wa mbu wa dirishani kinafaa sana.
- Siki au ndimu, rula, na mizani ya jikoni.
- Kuni kavu za aina mbili: vijiti vyembamba kama mizigo miwili, na kuni nene kiasi cha kifundo cha mkono mizigo mitatu.
- Nishati ya kufunika: samadi ya ng'ombe iliyokauka, magunzi ya mahindi, mabua ya mtama, majani makavu ya migomba au nyasi ndefu.
- Vigae vikubwa au mabati chakavu ya kuvikinga vyungu visiguswe na kuni.
- Koleo, reki au mti mrefu wenye panda, glavu za ngozi, ndoo mbili za maji na rundo la mchanga.

Usitumie mbao zilizopakwa rangi, wala vipande vya nguzo za umeme. Nguzo hizo ni mikaratusi iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa, na moshi wake ni sumu. Matairi na plastiki viache kabisa, hata kama jirani atakuambia vinawaka vizuri.

## Hatua ya 1: Kuchagua udongo na kuupima

Chini ya tabaka jeusi lenye mizizi, pembezoni mwa vinamasi na kwenye mabonde ya mito, utakuta udongo wa kijivu, wa manjano au mwekundu unaoteleza ukiwa bichi na kung'aa ukikatwa kwa panga. Ukanda wa Kajjansi, kwenye barabara ya Entebbe, unajulikana kwa udongo wa namna hiyo kiasi cha kuwa na kiwanda cha vigae vya kuezekea, lakini karibu kila wilaya yenye mafunjo ina wake. Udongo wa kichuguu unasaidia ukichanganywa na mwingine. Ukiwa peke yake mara nyingi una mchanga mwingi na hufaa zaidi kwa meko na matofali. Murramu ya barabarani haifai kwa mwili wa chungu.

Kabla ya kuchimba, kumbuka kwamba ardhi oevu zinalindwa na sheria. Kanuni za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinawahusu wanaochimba kwa biashara, na kibali chao hutolewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Anayechota ndoo mbili kwa matumizi ya nyumbani hayumo katika kundi hilo, ila azungumze na mwenye ardhi na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha afukie shimo, kwa sababu shimo la udongo hujaa maji, huzaa mbu, na watoto huzama ndani yake.

Udongo ulioupata upime kwa njia tatu.

Kipimo cha kukunja. Fanya ukanda mnene kama kalamu na uuzungushe kidoleni. Ukikunjika bila nyufa, au kwa nyufa ndogo tu za juu, unafinyangika. Ukikatika, una mchanga mwingi mno.

Kipimo cha kusinyaa. Tengeneza kibao cha udongo mbichi na uchore juu yake mstari wa sentimita 10 kamili. Kikaushe kivulini, kisha upime mstari tena. Ukibaki na sentimita 9.5 hadi 9.2, udongo uko katika kiasi kizuri. Ukiwa umeshuka chini ya sentimita 9, udongo unanyonya maji mengi na utapasuka wakati wa kukauka usipoupunguza makali kwa kichanganyo, yaani chembe ngumu zinazoongezwa katika hatua ya 3.

Kipimo cha siki. Dondosha siki au maji ya ndimu juu ya udongo mkavu uliosagwa. Ukitoa mapovu na kuchemka, una chokaa ndani yake, na ni afadhali utafute mwingine. Chokaa ikichomwa hugeuka kuwa chokaa kali ambayo, baada ya chungu kupoa, hunyonya unyevu wa hewani taratibu, hutanuka na kusukuma nje kipande cha ukuta. Wanaoishi karibu na Tororo na Hima, ambako mawe ya chokaa huchimbwa kwa ajili ya saruji, wasiruke kipimo hiki. Wanaochota udongo wenye makombe ya konokono nao wasikiruke.

## Hatua ya 2: Kusafisha na kuuacha utulie

Kausha udongo wote hadi uwe mkavu kabisa, uponde, ndipo uumwagie maji. Udongo mkavu humomonyoka wenyewe ndani ya maji kwa muda mfupi, ilhali udongo wenye unyevunyevu hubaki na mabonge kwa siku nyingi. Ukishakuwa uji mzito, upitishe kwenye chekeche ili uondoe mizizi, kokoto na makombe, uuache utuame, umwage maji ya juu, kisha uutandaze kwenye gunia au kitambaa kizito hadi uweze kukandika bila kushika mikono.

Ukiweza kusubiri, ufunge kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki mbili au zaidi. Utanuka kidogo, na hilo si tatizo. Maji yanakuwa yameingia katikati ya kila chembe, na udongo hukubali kuvutwa bila kuchanika.

## Hatua ya 3: Kuongeza kichanganyo

Hatua hii ndiyo wanaoanza huiruka zaidi, wakiamini kwamba udongo safi ndio bora. Kwa moto wa wazi, udongo safi ni hatari. Chembe zake ni ndogo mno na hushikana sana, hivyo mvuke hukosa njia ya kutokea, na joto linapopanda ghafla upande mmoja wa chungu hakuna kinachouzuia ufa mdogo usikimbie hadi mwisho. Chembe ngumu zilizokwishachomwa hufungua njia za mvuke, hupunguza kusinyaa, na ufa unapozifikia hukwama.

Vigae vilivyopondwa ndivyo kichanganyo bora, kwa sababu vimekwisha kupitia moto na havibadiliki tena. Vipande vya matofali ya kuchoma vinafuata, na kwa kuwa tanuri za matofali ziko karibu kila bonde la nchi hii, havitakusumbua kupata. Hakikisha tu kwamba havina saruji iliyogandamana navyo, kwa sababu saruji ina chokaa na itakurudisha kwenye tatizo lile lile la hatua ya kwanza. Mchanga unakubalika, hasa ule wenye pembe kali, lakini chembe zake za kwatzi (madini magumu yaliyo mengi mchangani) hutanuka ghafla zikifika nyuzi 573 na kujirudi zikipoa. Kwa mtungi wa maji hilo halina madhara makubwa ukiongeza joto polepole, ila kwa chungu kitakachokaa mekoni kila siku ni bora kutumia vigae.

Ponda ndani ya gunia ili vipande visikurukie machoni, kisha upitishe kwenye waya wa mbu. Changanya sehemu moja ya kichanganyo kwa sehemu tatu au nne za udongo, na kama kipimo cha kusinyaa kilikuwa kibaya, fikia sehemu moja kwa mbili. Kanda kwa mikono au kwa miguu hadi ukikata bonge kwa uzi uone chembe zimesambaa sawasawa.

*Dalili ya kufaulu:* ukikwaruza bonge kwa kisu unasikia chembe zikikwaruzana na kisu mahali pote, na ukanda bado unakunjika kidoleni.

## Hatua ya 4: Kufinyanga kwa kufikiria moto

Mtindo ni wako. Kwa ajili ya moto yako mambo mawili yasiyo na mjadala. La kwanza ni unene: ukuta uwe kati ya milimita 6 na 8, na kitako kisizidi ukuta, kwa sababu sehemu nene hukauka na kupata joto kwa kuchelewa, na mpaka kati ya nene na nyembamba ndipo ufa huanzia. La pili ni umbo: kitako cha mviringo hugawanya mvuto wa joto kuliko kitako bapa chenye pembe, na si bahati kwamba vyungu vya kupikia vya nchi hii vina vitako vya mviringo.

Kuna imani iliyoenea kwamba kinacholipua chungu ni kiputo cha hewa kilichonaswa ukutani. Si kweli. Kinacholipua ni maji. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takriban mara 1,700 ya ujazo wake, na hakuna ukuta wa udongo mbichi unaoweza kuhimili msukumo huo. Mahali penye kiputo mara nyingi ni mahali palipo nene na penye unyevu, ndiyo maana hewa imebebeshwa lawama isiyo yake.

Chungu kikianza kukaza lakini kikiwa bado baridi mkononi, unaweza kukisugua kwa kokoto laini hadi king'ae. Usisugue kikiwa kikavu, utakikwaruza tu.

## Hatua ya 5: Kukausha hadi mizani ikubali

Weka vyungu kivulini, mbali na upepo, vikiwa vimefunikwa kwa kitambaa au plastiki iliyolegea kwa siku mbili au tatu za mwanzo. Mdomo hukauka kabla ya kitako, na kitako kinaposinyaa baadaye hukuta mdomo umekwisha kukaza, ndipo ufa hutokea. Ukivigeuza vikalalia midomo mara tu vinapoweza kujibeba, unapunguza tofauti hiyo.

Wiki moja hadi mbili zinatosha wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua, ambao kusini mwa nchi ni Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, usitegemee kalenda. Udongo unaoonekana mkavu wakati wa mvua bado hubeba unyevu wa hewa.

Namna ya uhakika ni mizani. Pima chungu kila siku saa ile ile na uandike. Uzito utashuka, utashuka, kisha utasimama. Ukisimama kwa siku tatu mfululizo, maji yote yanayoweza kutoka bila moto yametoka. Asiye na mizani aguse chungu kwa shavu: chungu kinachohisi baridi kuliko hewa bado kinatoa maji, kwa sababu maji yanapokauka huondoka na joto.

Siku ya kuchoma, viweke juani kuanzia asubuhi na kuvigeuza kila saa. Usivitoe ndani ya nyumba moja kwa moja hadi motoni.

## Hatua ya 6: Kuchagua mahali, siku na saa

Tafuta uwanja wa udongo ulio wazi, mita 10 au zaidi kutoka kwenye nyumba za nyasi, migomba mikavu na waya za umeme, na ufyeke nyasi kuuzunguka. Usichomee juu ya sakafu ya saruji, kwani hupasuka na kurusha vipande. Usitumie mawe yaliyotoka mtoni au kinamasini kuegemeza vyungu. Maji yaliyo ndani yake huyalipua sawasawa na yanavyolipua udongo. Mwambie jirani, na mjulishe mwenyekiti wa LC1, kwa sababu moshi wa kazi hii huonekana mbali.

Ardhi iwe kavu. Kama mvua ilinyesha juzi, washa moto mtupu mahali hapo kwa saa moja na uutandaze, la sivyo mvuke wa ardhini utapanda moja kwa moja kwenye vitako vya vyungu.

Kuhusu saa, ninapendekeza kuanza kupasha saa tisa alasiri na kuwasha moto mkubwa karibu saa kumi na mbili. Kwetu hapa kwenye Ikweta jua huzama karibu saa moja jioni mwaka mzima, na rangi ya joto, ambayo ndiyo kipimo chako pekee cha nyuzi, haionekani vizuri kwenye mwanga wa mchana. Upepo nao kwa kawaida hutulia jioni.

## Hatua ya 7: Kupasha moto kabla ya kuchoma

Kama utasoma hatua moja tu ya mwongozo huu, isome hii. Chungu kilichokauka kwa mizani bado kina maji yaliyoshikamana na chembe zake, na hayo hayatoki hadi joto livuke nyuzi 100 kwa muda wa kutosha hadi katikati ya ukuta. Ukikipeleka kwenye mwali kabla ya hapo, kitapasuka, na vipande vyake huenda vikavunja vya jirani.

Washa moto mdogo wa vijiti na uuache ushuke kuwa makaa. Panga vyungu kuuzunguka kwa duara, umbali wa hatua moja, midomo ikielekea kwenye moto. Baada ya nusu saa vigeuze vielekeze migongo, kisha uvisogeze karibu kwa upana wa kiganja. Endelea hivyo, kugeuza na kusogeza, kwa saa mbili hadi tatu, ukiongeza vijiti vichache vichache bila kuruhusu mwali mkubwa. Kwa vyungu vidogo sana, sigiri yenye makaa yaliyofifia na waya juu yake inafanya kazi nzuri zaidi, maana unaweza kupunguza joto kwa kuziba mlango wa chini.

Huhitaji kukisia kama maji yameisha. Chukua kipande cha kioo kilicho baridi na ukishike juu ya mdomo wa chungu kwa sekunde chache. Kikifunikwa na ukungu, mvuke bado unatoka. Kifute, subiri robo saa, ujaribu tena. Kioo kikibaki safi, tia kipande cha karatasi ndani ya chungu bila kukiacha kiguse makaa. Karatasi ikigeuka kahawia yenyewe, ukuta umevuka nyuzi 200, na uko salama kuendelea. Utaona pia rangi ya udongo imebadilika kidogo, kwa kawaida ikiwa nyeusi zaidi, kwa sababu mabaki ya mimea yaliyomo yameanza kuungua.

*Onyo:* ukisikia mlio mdogo mkavu wakati wa kupasha, rudisha vyungu vyote nyuma hatua moja mara hiyo hiyo. Kimoja kimetoa gamba, na vingine viko karibu kufanya hivyo. Usiiname juu ya vyungu katika hatua hii, na watoto wakae mbali.

## Hatua ya 8: Kupanga na kuchoma

Tandaza makaa ya kupashia yawe kitanda chembamba. Juu yake weka vigae vikubwa, na juu ya vigae pindua vyungu, midomo chini, vikikaribiana bila kubanana. Kwa kuwa vina joto, tumia glavu na mti wenye panda, wala usikawie, kwani chungu kinachopoa wakati unapanga kinapoteza nusu ya kazi uliyofanya. Vifunike kwa vigae vingine au bati chakavu upande wa juu ili kuni isidondokee chungu na mwali usilambe mahali pamoja.

Jenga kuni nene kuuzunguka rundo kama uzio, kisha uziegemeze juu. Funika kwa samadi kavu, magunzi au mabua. Samadi ni bora kuliko vyote kwa kazi hii, na wanaoishi Ankole au Karamoja wana bahati: inawaka taratibu, inatoa joto sawasawa, na inabaki na umbo lake kama blanketi hata ikishakuwa majivu. Majani ya migomba na nyasi huwaka haraka mno yakiwa peke yake, kwa hiyo yaweke juu ya samadi au magunzi, usiyategemee kuwa chanzo cha joto.

Washa kwa chini, pande zote, na uuache moto upande wenyewe. Katika robo saa ya kwanza vyungu vitafunikwa masizi na kuwa vyeusi kabisa. Wengi huogopa wakafikiri vimeharibika. Subiri. Joto likivuka nyuzi 500 na zaidi, masizi yenyewe huungua, na chungu husafika taratibu kuanzia begani kwenda chini, rangi ya udongo ikijitokeza upya. Ni kati ya hapo na nyuzi 600 ambapo maji yaliyofungwa ndani ya madini ya udongo hutoka na udongo kugeuka kigae.

Endelea kulisha moto, ukiziba kila tundu linalofunguka, kwa saa moja hadi moja na nusu. Giza likiingia, chungulia kati ya kuni. Wekundu hafifu unaoonekana gizani tu ni kati ya nyuzi 500 na 600. Wekundu wa wazi unaoonekana kwenye chungu chenyewe, si kwenye makaa, ni nyuzi 700 hadi 800, na hapo ndipo unapotaka kufika. Ukishauona kwenye vyungu vyote, ushikilie kwa dakika 15 hadi 20, kisha uache kulisha.

*Onyo:* usimwage maji kwenye moto kwa sababu yoyote isipokuwa moto wenyewe umetoroka kuelekea nyumba au shamba. Tone moja kwenye chungu chekundu linatosha kukipasua.

## Hatua ya 9: Kupoza

Mwaga majivu na nyasi juu ya rundo, uliache, ulale. Chungu kinaposhuka kupita nyuzi 573, chembe za kwatzi hujirudi ghafla, na upepo wa baridi ukikipata wakati huo hupasuka kwa sauti nyembamba kama kengele. Subiri hadi asubuhi, au angalau hadi uweze kushika chungu kwa mkono mtupu. Mvua ikitishia, egemeza mabati juu ya rundo bila kuligusa.

Anayetaka vyungu vyeusi hufanya kinyume: anavitoa kwa mti vikiwa vyekundu, anavifunika haraka kwa maganda ya kahawa, pumba za mpunga au nyasi, kisha anaziba kwa udongo na majivu ili hewa isiingie. Kaboni huingia kwenye vinyweleo vya udongo na kubaki humo. Udongo wenye kichanganyo cha kutosha huvumilia. Usio nacho hupasuka karibu kila mara, kwa hiyo lisiwe jaribio lako la kwanza.

## Hatua ya 10: Kupima na kukizoesha chungu

Kigonge kwa kifundo cha kidole. Mlio wa kuimba una maana kwamba ukuta ni mzima na umeiva. Mlio mzito uliokufa una maana ya ufa uliofichika au joto lisilotosha. Kisha tumbukiza kigae kimoja cha chungu kilichovunjika ndani ya maji hadi kesho yake. Kikilainika au kuchafua maji kwa tope, moto haukufika nyuzi 600, na vyungu vilivyobaki vizima vinaweza kukaushwa na kuchomwa tena kuanzia hatua ya saba.

Chungu cha moto wa wazi hupitisha maji kidogo. Kwa mtungi hiyo ni faida, maana maji yanayotokea nje hukauka na kupoza yaliyo ndani. Kwa chungu cha kupikia, chemsha ndani yake uji mwepesi wa muhogo au mahindi kwa moto mdogo, uuache upoe humo, kisha umwage. Wanga huziba vinyweleo. Mara za mwanzo kipashe taratibu, na usikitie maji baridi kikiwa cha moto.

## Vikivunjika, soma vipande

Usitupe vipande kabla ya kuviangalia, kwa sababu kila aina ya ajali huacha alama yake.

Magamba ya mviringo, membamba pembeni na manene katikati, yaliyobanduka upande mmoja wa ukuta, ni kazi ya mvuke. Rudi kwenye hatua ya 5 na ya 7, ongeza muda. Chungu kilichosambaratika kabisa kimeonja mwali kikiwa na unyevu mwingi.

Ufa mpana wenye kingo zilizojikunja, ukianzia mdomoni au katikati ya kitako, ulikuwepo kabla ya moto. Ulizaliwa wakati wa kukauka na moto umeupanua. Ufa mwembamba wenye kingo kali, ambao ndani yake hauna masizi hata kidogo, umetokea wakati wa kupoa. Ukiwa na masizi ndani, umetokea wakati joto linapanda.

Shimo dogo lenye kitone cheupe chini yake, linalojitokeza siku au wiki baadaye, ni chokaa. Kwa udongo wenye chokaa kidogo usioweza kuukwepa, zamisha vyungu ndani ya maji mara tu vinapopoa kabisa na uviache humo kwa saa kadhaa. Chokaa inayolowa mara moja hulainika, ilhali ile inayonyonya unyevu polepole ndiyo inayosukuma ukuta. Hii haiponyi udongo mbaya.

Mstari mweusi katikati ya ukuta uliovunjika, nje kukiwa kwekundu, ni mabaki ya mimea ambayo hayakupata hewa na muda wa kuungua. Moto ulipanda haraka, au majivu yaliziba mapema. Chungu cha namna hiyo kinatumika vizuri kwa maji na hata kwa kupikia, mradi kiimbe kikigongwa.